Kawawa wa Filamu, Kawawa wa Operesheni: Sinema Ilimpa Nini Mwanasiasa?

Rashidi Mfaume Kawawa anakumbukwa kwa vyeo vyake. Alikuwa waziri mkuu mara mbili, makamu wa rais, waziri wa ulinzi wakati wa vita vya Kagera, kisha katibu mkuu wa CCM. Wazee humtaja kwa jina la Simba wa Vita, na wanamkumbuka kama mtu aliyehakikisha kwamba neno la Mwalimu Nyerere likitoka Dar es Salaam linafika kijijini na kutekelezwa. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya vyeo hivyo vyote alikuwa mwigizaji wa filamu, miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa wa filamu za Kiswahili katika Tanganyika.

Mwaka 1952 uliwakuta viongozi hawa wawili kila mmoja na lake. Oktoba mwaka huo Nyerere alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, na muda si mrefu akawa kwao Butiama akijenga nyumba kwa mikono yake. Kawawa, kijana wa Namtumbo huko Songea, alionekana mwaka huohuo katika filamu iitwayo Muhogo Mchungu. Wote wawili walikuwa wamepitia shule ya serikali ya Tabora. Wote wawili waligusa sanaa ya maigizo kwa njia yake: Nyerere alitafsiri Shakespeare akiwa rais, tamthilia ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tofauti ni kwamba Mwalimu alijichagulia maneno, na Kawawa alianza kwa kutamka maneno aliyoandikiwa.

Msomaji wa Musoma au Bunda, mkoani Mara, anaweza kuuliza uigizaji wa mtu wa Ruvuma unamhusu nini. Unamhusu, kwa sababu baadhi ya maamuzi mazito yaliyogusa maisha ya Mara katika karne iliyopita yalitekelezwa Kawawa akiwa waziri mkuu, na namna yalivyotekelezwa ina undugu na filamu alizoigiza. Jibu jepesi kwa swali la sinema ilimpa nini ni umaarufu. Jibu hilo halitoshi, na linatupotosha hata leo tunapowapima wasanii wanaogombea ubunge. Kilichompandisha Kawawa ni chama cha wafanyakazi. Filamu zinatufaa kwa jambo jingine: zinaonyesha wazi namna ya serikali ya kuzungumza na mwananchi bila kungoja jibu, namna ambayo haikuondoka na mkoloni.

Sura ya Mwafrika, kazi ya mwingine

Waafrika wa Mashariki walikuwa wamefika mbele ya kamera muda mrefu kabla ya Kawawa. Kampuni ya MGM ya Marekani ilipokuja mwaka 1929 kupiga filamu ya Trader Horn katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ilimchagua Mkenya Mutia Omoolu acheze Renchero, mtumishi mwaminifu wa mfanyabiashara wa kizungu. Baadaye alipelekwa Hollywood kukamilisha sehemu zilizobaki, na filamu ikatoka mwaka 1931. Alicheza vizuri, lakini nafasi yenyewe ilikuwa na mpaka: Mwafrika mwema ni yule anayemfuata bwana wake.

Miaka minne baadaye, London, mpaka huo ulimgonga mtu mkubwa zaidi. Paul Robeson alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Princeton, New Jersey, mtoto wa mchungaji aliyekuwa ametoroka utumwani. Aliingia kwenye filamu mwaka 1925 katika Body and Soul, filamu isiyo na sauti ya mwongozaji Mweusi Oscar Micheaux, akapata sifa kubwa kwa The Emperor Jones ya mwaka 1933. Akiishi Uingereza alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Alipokubali kuigiza katika Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, aliamini filamu hiyo ingeonyesha heshima ya tamaduni za Afrika. Miongoni mwa Waafrika wa London waliochukuliwa kujaza nafasi ndogo ndogo humo alikuwamo Jomo Kenyatta. Filamu ilipokamilika ikawa sifa kwa afisa wa kikoloni na dola lake, na Robeson akaikana. Mwaka 1942 alijitoa kabisa kwenye filamu za Hollywood, na kuanzia mwaka 1950 hadi 1958 serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti kwa sababu ya siasa zake.

Kisa cha Robeson kina somo ambalo halitegemei ukubwa wa kipaji. Sura na sauti ni za mwigizaji, lakini maana ya filamu inaamuliwa na anayeiandika, anayeikata na kuiunga, na anayelipa gharama. Mpiga litungu wa Kikurya akikosea mbele ya watu anaambiwa papo hapo, na wimbo unaweza kugeuka kwa kufuata mashangilio au manung'uniko ya wanaousikiliza. Mwigizaji wa filamu hana nafasi hiyo. Watazamaji wakipiga kelele, wakicheka au wakitukana, picha inaendelea vilevile kama ilivyopangwa.

Sinema ya serikali

Tanganyika ilikuwa moja ya mahali ambapo Waingereza walijaribu mapema kuitumia sinema kama mwalimu wa watu wa vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi uliosimamiwa na Notcutt na Latham ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya Marekani. Mada zake zilikuwa kodi, benki ya akiba ya posta, minyoo, malaria ya watoto, na kilimo bora cha kahawa. Filamu zilibebwa kwa gari, kitambaa kikatundikwa uwanjani, na watu wakaonyeshwa.

Mwaka 1939 London ikaanzisha kitengo rasmi cha filamu za makoloni. Wataalamu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo filamu zake lazima ziende polepole, jambo moja kwa wakati, bila ufundi wa kuchanganya. Ushahidi dhidi ya imani hiyo ulikuwa mitaani mwa Afrika yenyewe. Katika majumba ya sinema ya Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam, wapagazi, wapishi, wake wa nyumbani na watoto wa shule walikuwa wakitazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, kwa lugha wasizozijua, na kutoka wakisimulia kisa chote pamoja na nyimbo zake. Hakuna aliyewapunguzia mwendo. Tatizo halikuwa macho ya mtazamaji. Serikali ilitaka filamu ambayo mtazamaji wake anapokea fundisho moja na kuondoka nalo kama alivyopewa.

Hapo ndipo Kawawa anapoingia. Mwaka 1951 serikali ya Tanganyika iliingia mkataba na African Film Productions ya Johannesburg, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1915 na I. W. Schlesinger, tajiri aliyekulia New York. Safari hii nia ilikuwa kutengeneza filamu zenye kisa kamili, zinazozungumza Kiswahili, zenye Waafrika kama wahusika wakuu. Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, zikiwemo za kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alikuwa na sauti, umbo na Kiswahili kinachoeleweka pande zote za nchi. Akawa mwigizaji mkuu katika Muhogo Mchungu, akaonekana pia katika Chalo Amerudi na nyinginezo za mradi huo.

Ikilinganishwa na filamu za minyoo na kodi, hii ilikuwa hatua. Mwafrika alikuwa na jina, na kisa kilisimama juu yake. Watu walisikia lugha yao ikitoka kwenye kitambaa. Hata hivyo hadithi za mradi huo zilizunguka jambo lilelile lililowasumbua watawala wa miaka hiyo: vijana kuacha vijiji na kumiminikia mjini. Mji ulionyeshwa kama mahali pa hila na hasara, kijiji kama mahali pa usalama. Fundisho lilikuwa limeshaamuliwa kabla kamera haijawashwa, na kazi ya mwigizaji ilikuwa kulifanya lipendeze.

Kazi hiyo ya filamu haikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1953 Kawawa alikuwa Urambo, akifanya kazi ya maendeleo ya jamii miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau.

Daraja lilikuwa chama cha wafanyakazi

Kama umaarufu wa filamu ungetosha kumfikisha mtu kwenye uongozi, Kawawa angepanda kutoka kwenye kitambaa moja kwa moja hadi jukwaani mwa TANU. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni ya kisheria. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, karani, mwalimu wa serikali au afisa ustawi hakuweza kuwa mwanachama bila kupoteza kazi. Mlango uliobaki wazi ulikuwa chama cha wafanyakazi, kwa kuwa kudai mishahara na heshima kazini hakukuhesabiwa kuwa siasa.

Kawawa alipitia mlango huo. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa Oktoba 1955 akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, akaingia TANU waziwazi. Mwaka 1957 alikuwa ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1960 akawa waziri. Ndani ya miaka mitano mtumishi wa ustawi wa jamii alikuwa amefika mezani pa serikali.

Kazi ya chama cha wafanyakazi ni kinyume cha kazi ya filamu. Kiongozi wa TFL alisimama mbele ya makuli, watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashamba ya mkonge, akawaomba wagome, yaani wakae bila mshahara. Watu hao walikuwa na uwezo wa kumjibu. Wangeweza kukataa, kumzomea, kuacha kulipa ada, au kumchagua mwingine. Hotuba isiyowagusa ilionekana kesho yake asubuhi, pale lango la kiwanda lilipofunguliwa na wafanyakazi wakaingia kama kawaida. Sauti aliyoipeleka Kawawa kwenye filamu ilikomazwa huko, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kusema hapana.

Mfano wa Marekani unathibitisha jambo hili kwa njia ya kushangaza. Ronald Reagan, aliyeanza kuigiza Hollywood mwaka 1937, husemwa kila mara kuwa mwigizaji aliyegeuka rais. Maelezo hayo yanaruka hatua moja. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1952, na tena mwaka 1959 hadi 1960, Reagan alikuwa rais wa chama cha wafanyakazi wa uigizaji. Ni huko alikojifunza kujadiliana, kuongoza vikao na kupanga watu, kabla hajawa gavana wa California mwaka 1967 na rais mwaka 1981. Waigizaji mashuhuri kuliko yeye walikuwa wengi, na hawakufika Ikulu ya Washington.

Ulinganisho unaendelea hadi mahali pasipopendeza. Agosti 1981 Reagan aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Kawawa alikuwa ametangulia. Serikali aliyoiongoza mwaka 1962 ilipitisha sheria iliyobana sana haki ya kugoma, na mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja chini ya serikali. Watu wawili waliopanda kwa ngazi ya chama cha wafanyakazi waliipunguza nguvu ngazi hiyo walipofika juu.

Mwaka wa kushika nafasi

Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU mikoani. Kawawa akapewa kiti. Aliishika serikali hadi tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipokuwa jamhuri na Nyerere kuwa rais, naye akawa makamu.

Katika Afrika ya miaka ile, mtu kukabidhiwa nchi na kuirudisha bila vurugu lilikuwa jambo adimu. Wapo wanaolieleza kwa uigizaji: alijua nafasi ni ya muda, pazia likishuka unarudi ulikotoka. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanamdunisha. Kawawa hakukaa kwenye kiti kama sanamu. Ndani ya miezi hiyo serikali yake iliharakisha kuwaweka Waafrika kwenye vyeo vya utumishi, ikatunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, ikaandaa katiba ya jamhuri, na kuweka msingi wa kuwaondolea machifu mamlaka ya kiserikali mwanzoni mwa 1963. Uamuzi huo wa mwisho uligusa Butiama nyumbani kabisa, maana chifu wa Wazanaki alikuwa Edward Wanzagi, kaka yake Mwalimu. Haya ni mambo ya mtu anayetawala. Alikuwa mwaminifu kwa Nyerere, na uaminifu wake ulikuwa na meno.

Mara, 1974

Kawawa alirudi kwenye uwaziri mkuu Februari 1972. Mwaka huohuo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mikoa ikawekwa chini ya wakurugenzi waliowajibika kwa ofisi ya waziri mkuu. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 ndio waliokuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa. Kufikia 1977 walikuwa milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Hakuna hiari inayoweza kuhamisha watu kwa kasi hiyo.

Operesheni Vijiji, yaani kazi hiyo ya kuhamisha watu, ilipofika Mara mwaka 1974, ilikutana na makazi yaliyokuwa na mantiki yake. Kwa Wazanaki, Waikizu, Wakurya na majirani zao, mji ni boma la ukoo: nyumba za mzee, wake na vijana wake, zizi la ng'ombe katikati, mashamba na malisho pembeni. Nafasi kati ya mji na mji haikutokana na watu kupenda upweke. Ilitokana na ng'ombe, ambao wakirundikwa mahali pamoja humaliza nyasi na kuambukizana maradhi. Kwenye pamba ya Bunda, shamba lililo mbali na nyumba ni saa za kutembea wakati wa palizi na wizi wakati wa mavuno. Mambo hayo mkulima yeyote angeweza kuyaeleza kama angeulizwa. Badala yake, watu walionyeshwa mstari wa viwanja na kupewa tarehe ya kuhama. Pande mbalimbali za nchi, waliosita walibomolewa nyumba zao au kuchomewa.

Anayetazama kwa makini ataona kisa cha filamu za 1952 kimerudi bila kamera. Mwanakijiji ni mtu asiyejua kinachomfaa, serikali inajua, na fundisho limeshaamuliwa. Hata jawabu ni lilelile: kijiji ndicho mahali pake, ila safari hii ni kijiji kilichochorwa na ofisi. Katika miaka hiyo Shirika la Filamu Tanzania lilitengeneza Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhimiza vijiji vya ujamaa. Bendera na itikadi vilikuwa vimebadilika, na mtazamaji alikuwa bado amekalishwa palepale.

Haki inadai kutaja upande wa pili, nao una uzito. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Lengo la kila mtoto kuingia shule ya msingi, lililokuwa limepangiwa mwaka 1989, lilivutwa hadi 1977. Wanafunzi wa msingi waliokuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974 walizidi milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Azimio hilohilo liliamua kwamba anayetaka chuo kikuu kwanza afanye kazi. Waziri mkuu wa wakati huo alikuwa mtu aliyeiacha nafasi ya Makerere ili alee wadogo zake, na aliyewahi kuwafundisha watu wazima herufi. Kwenye elimu ya watu wazima nako, jaribio la kitaifa la mwaka 1975 lilikuta asilimia 39 hawajui kusoma na kuandika, na la 1977 likakuta asilimia 27. Gharama zilikuwepo: walimu wa kuchongwa haraka, madarasa yaliyofurika, ubora ulioshuka. Lakini wapo watu wazima wengi Mara leo walioshika kalamu kwa sababu ya uamuzi uliofanyika mjini kwao.

Tofauti ya matokeo hayo inafundisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio kisha vikajadiliana: maji yetu yana shida gani, choo tukichimbe wapi, nani atakosa kushiriki. Vyoo vikachimbwa kwa wingi. Serikali ilikuwa ileile, na Kawawa ndiye waziri mkuu. Kilichobadilika ni nusu ya pili ya kipindi, pale redio ilipozimwa na wanakijiji wakaanza kusema. Operesheni vijiji haikuwa na nusu hiyo.

Kufikia 1976 sehemu za kusemea zilikuwa zimekwisha. Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimeondoka mwaka 1964, halmashauri mwaka 1972, na Mei 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, vile ambavyo mkulima wa pamba wa Bunda alikuwa akipigia kura na kulalamikia. Mwaka huohuo ilikuja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka ya vijiji, wakati ya vijiji hayakuwa tayari. Watu walikosa mahitaji, na agizo likalegezwa. Februari 1977 Edward Sokoine alichukua uwaziri mkuu. Kumbebesha Kawawa peke yake lawama za miaka hiyo si sahihi, kwani maamuzi yalikuwa ya chama na ya Nyerere. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu wa kipekee wa kujua thamani ya mahali ambapo mtu mdogo anaweza kujibu, kwa sababu huko ndiko alikotoka. Ushirika na halmashauri vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, kwa kukiri kwamba bila hivyo serikali ilikuwa ikijisikia yenyewe tu.

Wasanii wa leo

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Mwaka uliofuata msanii Joseph Mbilinyi, Sugu, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Joseph Haule, Profesa Jay, akapata Mikumi. Mwaka 2020 Hamisi Mwinjuma, MwanaFA, akapata Muheza, na baadaye akawa naibu waziri mwenye dhamana ya sanaa. Kenya ina John Kiarie wa Dagoretti Kusini na Phelix Odiwuor, Jalang'o, wa Lang'ata. Uganda ina Bobi Wine. Kila mmoja wao akisimama, hoja mbili hurushwa: kwamba msanii ni mtupu anayetegemea jina, au kwamba msanii anawajua watu kuliko mwanasheria. Zote mbili zinapima kitu kimoja, umaarufu, na historia ya Kawawa inaonyesha kwamba umaarufu unaeleza kidogo sana.

Kipimo bora kinatokana na njia aliyopita. Kati ya filamu na serikali palikuwa na chombo chenye wanachama, ada, uchaguzi na vikao vya kelele. Msanii aliyewahi kuongoza ushirika, chama cha wasanii, klabu, msikiti, parokia au kamati ya soko amekwisha kukutana na watu waliomkatalia, na namna alivyowatendea siku hiyo inajulikana. Msanii aliyetoka jukwaani moja kwa moja hajajaribiwa bado, hata kama anajaza uwanja. Kipimo hicho kinamfaa pia mwalimu, mfanyabiashara na mwanajeshi mstaafu, kwa sababu si wasanii peke yao waliozoea kusema bila kujibiwa.

Kwa hiyo mpiga kura wa Musoma Mjini, Bunda au Butiama anapoletewa mgombea mwenye jina, swali la kuuliza ni moja: ni lini watu walimpinga, na baada ya hapo alifanya nini? Kisha aulizwe atakilinda chombo gani ili watu waendelee kumpinga akishachaguliwa. Kawawa wa TFL angelijibu swali la kwanza bila shida. Kawawa wa 1974 angetaabika kwenye la pili, na ni mtu yuleyule.